Muheto: Moteri ya mazutu haiuawi na uzee, inauawa na bidoni chafu

Asubuhi huko Muheto, katika teritware ya Masisi, sauti ya gari linalokataa kuwaka inajulikana na kila mtu. Dereva anazungusha ufunguo, starta inalia, moshi kidogo unatoka nyuma, kisha kimya. Anajaribu tena. Mara ya tano batri inachoka. Watu waliopakia viazi, maharagi na makala kwenda Sake na Goma wanashuka mmoja mmoja, na vijana wanaitwa kusukuma. Gari likishindikana kabisa anaitwa fundi, na jambo la kwanza analofanya fundi mara nyingi ni kushika funguo na kuanza kufungua moteri.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Moteri nyingi za mazutu zinazofunguliwa kwenye milima ya Masisi hazikuwa na ugonjwa wa ndani. Zilikuwa na maji kwenye filtri, hewa kwenye mpira wa mafuta, au filtri ya hewa iliyojaa vumbi. Hayo matatu mtu anaweza kuyaona akiwa kwenye parsele yake, kwa macho na kwa mikono, kabla hajalipa hata faranga moja. Moteri ikishafunguliwa porini, juu ya turubai, mchanga ukaingia na bulo moja ikakazwa kwa nguvu ya bega badala ya kipimo, ugonjwa wa kweli unazaliwa siku ile ile.

Ni vizuri kukumbuka jinsi moteri hii inavyofanya kazi, maana ndiyo inaeleza kwa nini uchafu unaiua haraka. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeifanya ikubalike mwaka 1897, aliachana na cheche. Moteri ya esansi inahitaji buji iwashe moto. Ya mazutu inaminya hewa mpaka inakuwa ya moto kupita digrii 500, kisha mazutu inarushwa ndani kama ukungu na kuwaka yenyewe. Katika Land Cruiser nyingi kukuu zinazopanda milima hii, zile zenye moteri ya 1HZ, hewa inaminywa zaidi ya mara 20. Ili ukungu ule utoke sawasawa, pompi na injekta zina vipande vilivyosagwa kwa ufundi wa hali ya juu, nafasi kati yao ni ndogo kuliko unywele. Vipande hivyo havina mafuta mengine ya kuvilainisha: mazutu yenyewe ndiyo inavilainisha. Maji yakipita humo, kutu inaanza. Mazutu ikichanganywa na mafuta ya taa ili iongezeke, pompi inasagika kavu.

Sasa tazama mazutu inafikaje Muheto. Inatoka Goma kwenye mapipa, inahamishiwa kwenye bidoni, inapanda juu ya lori katika mvua, inashushwa na kuuzwa kandokando ya barabara na wale ambao Congo nzima inawaita Kadafi. Bidoni ile ile jana ilikuwa na maji ya kisima au mafuta ya mawese. Faneli imelala chini kwenye udongo. Usiku Masisi kuna baridi, na tangi lililobaki nusu linatoa jasho kwa ndani kama bati la nyumba. Dereva anayejaza tangi jioni, wakati wengine wanangoja asubuhi, tayari amepunguza maji yale bila kununua kitu chochote.

Kipimo chake ni rahisi hata kwa mtoto. Mazutu inatiwa katika chupa nyeupe ya kioo, inaachwa itulie. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini na kuonekana kama mstari. Mazutu yenye ukungu, au yenye chembe zinazoelea, isiingie kwenye tangi kabla ya kutulia na kuchujwa kwa kitambaa kizito. Chini ya filtri ya magari mengi kuna kizibo cha kutoa maji. Kinalegezwa, maji yanatoka kwanza, ikianza kutoka mazutu safi kinafungwa. Kazi hiyo haimalizi dakika tano. Hata hivyo kuna madereva waliobeba abiria miaka mingi bila kukigusa kizibo kile hata mara moja, na wengine hawajui kama kipo.

Hewa nayo inatesa watu bure. Gari likiishiwa mazutu njiani, au filtri ikibadilishwa, hewa inaingia kwenye mpira na pompi inameza hewa badala ya mafuta. Dawa yake ni pompi ndogo ya mkono iliyo juu ya filtri: visi ya kutolea hewa inalegezwa, pompi inabonyezwa mpaka mapovu yaishe, visi inakazwa. Badala yake watu wanapiga starta mpaka inanuka kuungua. Wengine wanamwaga esansi kwenye mdomo wa hewa ili moteri ishtuke. Inashtuka kweli, na siku moja pistoni inapasuka, hasa kwa moteri yenye buji za kupasha moto, kwa sababu esansi inalipuka kabla ya wakati wake.

(Kuhusu kusukuma, Masisi ina ujanja wake: gari linalala pua ikiangalia bonde, asubuhi linaachiwa lishuke. Ujanja mzuri, lakini gari linalolala hivyo kila siku kwa mwaka mzima linasema jambo ambalo mwenyewe hataki kulisikia.)

Moshi nao unasema mengi kuliko mafundi wengi. Moshi mweusi maana yake mazutu ni nyingi kuliko hewa. Hapa lazima mtu awe na haki: milima ya Masisi inafika metre 2,000 na zaidi, na kwa kimo hicho hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Moteri isiyo na turbo itatoa moshi kidogo kwenye mpando ikiwa imebeba mzigo, na hiyo si sababu ya kubadilisha injekta. Ila moshi mweusi ukizidi ule wa kawaida, kitu cha kwanza kuangalia ni filtri ya hewa, hasa wakati wa kiangazi ambapo barabara ni vumbi tupu. Filtri ya karatasi haifuliwi kwa maji na sabuni kama shati. Inapigwapigwa taratibu, inaangaliwa kwenye mwanga wa jua, ikiwa imetoboka inatupwa.

Moshi mweupe wa dakika chache wakati wa baridi si kitu. Ukiendelea hata moteri ikishapata moto, na maji ya radiateri yanapungua bila kuonekana yanapomwagikia, na mafuta ya moteri yamekuwa kama maziwa ya chai, basi maji yanaingia ndani ya moteri, na safari imeisha hapo. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Na mafuta hayo yapimwe kila asubuhi, gari likiwa mahali pa tambarare. Kuwa meusi siku chache baada ya kubadilishwa si ugonjwa, moteri ya mazutu inayafanya hivyo. Cha kuogopa ni mafuta kuongezeka badala ya kupungua, yakawa mepesi na kunuka mazutu. Hapo kuna kitu kinavuja kwa ndani, na kuendelea kuendesha ni kuua moteri.

Kama mambo haya ni mepesi hivyo, kwa nini hayafanyiki? Jibu haliko kwenye ufundi. Liko kati ya mwenye gari na dereva wake. Mwenye gari anakaa Goma, anahesabu pesa za kila safari. Dereva anajua pesa zikipungua atapewa mwingine ufunguo. Akiomba filtri anaambiwa ile ya zamani bado nzuri. Akipoteza muda asubuhi kutoa maji, abiria wanahamia gari lingine. Moteri ikifa, mwenye gari anasema dereva aliuza mazutu na kujaza takataka, dereva anasema aliomba filtri miezi mitatu. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Tangu benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia mjini, pesa taslimu ni ngumu, na kitu cha kwanza kukatwa ni kile kisichoonekana, yaani filtri na mafuta.

Daftari moja lingepunguza ugomvi huo: tarehe ya kubadilisha mafuta, tarehe ya filtri, siku maji yalipotolewa na yalikuwa kiasi gani. Kwa 1HZ liandikwe pia mkanda wa ndani, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari nyingi saa yake ya kilomita ilikufa zamani, kwa hiyo bila daftari hakuna anayejua. Mkanda ule hauonyi. Ukikatika kwenye mpando, valvu zinagongana na pistoni, na gari lililokuwa linabeba mgonjwa kwenda hospitali kuu ya Masisi linabaki katikati ya barabara pamoja na mgonjwa wake.

Mafundi wa Goma wana malalamiko yao, na wana haki: watu wa nyumbani nao wanaharibu. Pompi ya kurushia mazutu haifunguliwi chini ya muembe. Inahitaji meza ya vipimo, na mtu anayegusa visi zake ili gari "lipate nguvu" anapata moshi tu. Pikapu mpya, zile za kompyuta, ni hatari zaidi. Ndani ya mabomba yake mazutu inakaa kwa msukumo unaoweza kupita bar 1,500, na ikivuja kupitia tundu dogo kama la sindano inaweza kutoboa ngozi ya mkono. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini bila upasuaji wa haraka mtu anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Pa kuvuja panatafutwa kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja, na moteri ikiwa imezimwa ndipo mtu akaze kitu. Kizibo cha radiateri nacho kingoje moteri ipoe. Na chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake asiingie mtu, hata kwa dakika moja.

Mafuta machafu yanayotolewa yasimwagwe mtaroni. Muheto inakunywa maji yanayoshuka mlimani.

ACCO, chama cha madereva wa Congo, kina watu wake kwenye parkingi nyingi. Kingeweza kuweka pale chupa moja ya kioo na faneli yenye kitambaa, ili kila anayenunua mazutu aipime mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Hakuna haja ya mradi wala semina katika oteli. Na dereva anayenyimwa filtri ahifadhi chupa ya maji aliyotoa asubuhi. Mwenye gari akipiga simu kuuliza kwa nini safari ilichelewa, chupa ile itumwe Goma na gari linalofuata, ikiwa na maji yake chini na mazutu juu.