Deni la Mwanahistoria

Siku moja niliwauliza walimu wanafunzi wangu hapa Machakos, "Muindi Mbingu alikuwa nani?" Wengi walijibu kwamba ni jina la barabara mjini Nairobi. Nilisikitika, lakini sikuwalaumu. Ya kulaumiwa ni elimu inayofungiwa kabatini.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao, ikidai kwamba wingi wa mifugo uliharibu ardhi. Ng'ombe wakatwaliwa na kuuzwa kwa bei duni. Ndipo umati mkubwa, wake kwa waume pamoja na watoto, ulipofunga safari hadi Nairobi, ukapiga kambi huko kwa majuma kadhaa ukitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu, kiongozi wao, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo yao.

Mambo haya yamechunguzwa vema. J. Forbes Munro aliyaeleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1975. Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Mkulima wa Mwala au Kangundo, ambaye babu yake alitembea safari ile, atanufaika nacho vipi?

Wako wasomi wasemao kwamba elimu ikifikishwa kwa watu wote hupoteza heshima yake. Hoja hii ni dhaifu. Je, tabibu hupungukiwa na utabibu amwelezapo mgonjwa maradhi yake kwa maneno mepesi? Lugha nyepesi si uwongo. Uwongo humea pale ambapo ajuaye amenyamaza.

Tena, mali yenyewe ilitoka kwa nani? Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Wajaluo wa Kusini, alionyesha kwamba masimulizi ya wazee, yakipimwa kwa makini, ni ushahidi wa kutegemewa. Basi aliyekopa kwa wazee hana budi kuwalipa wajukuu wao, tena kwa lugha waielewayo.

Nanyi vijana, msikae mkingoja kulipwa. Waliokuwa watoto mwaka 1938 wamebaki wachache mno. Waulizeni wazee wenu walisimuliwa nini, andikeni, kisha linganisheni neno la huyu na la yule. Kisima chaweza kujaa maji, na kijiji kikafa kwa kiu kwa kukosa kamba na ndoo. Mwanahistoria anazo zote mbili. Na ateke, watu wanywe.