Hata Mnyoo Ana Jina Lake

Ndugu msomaji, fikiria wodi yenye wagonjwa wawili, wote wakiitwa Asha Juma. Mmoja ana malaria, mwingine ana shinikizo la damu. Muuguzi asipokuwa mwangalifu, dawa ya huyu itamfikia yule. Jina ni jepesi kutamka, bali likikosewa madhara yake ni mazito.

Jambo kama hilo limewapata minyoo wa baharini, wale wenye vinyweleo vigumu ubavuni, waishio katika matope na mianya ya miamba, ambao wavuvi huwachimba kwa ajili ya chambo.

Mwaka 1813 Mwingereza George Montagu, ofisa wa jeshi aliyegeukia elimu ya viumbe, alimweleza mnyoo mmoja wa pwani ya Devon. Alimwita Nereis sanguinea, neno la pili likimaanisha rangi ya damu. Kwa desturi iliyoenezwa na Linnaeus wa Sweden, jina la kwanza ni la ukoo na la pili ni la kiumbe mwenyewe. Baadaye Mfaransa Quatrefages aliunda ukoo wa Marphysa, na mnyoo huyo akawekwa humo. Ndiyo maana leo huandikwa Marphysa sanguinea (Montagu, 1813). Mabano hayo si pambo: yanatuarifu kwamba aliyempa jina ni Montagu, ila ukoo umebadilika.

Kosa lilikuja baadaye. Minyoo waliofanana naye, wakiokotwa Ulaya, Asia au Australia, walibandikwa jina lile lile, hata ikaaminika kuwa ni mnyoo mmoja aliyeenea duniani kote. Tena mnyoo wa Montagu mwenyewe, ambaye wengine wangelinganishwa naye, hakuwepo tena.

Mwaka 2003 wataalamu Hutchings na Karageorgopoulos waliteua mnyoo mwingine awe kielelezo badala yake. Walipomlinganisha na yule wa mashariki ya Australia, waliona ni wawili mbalimbali. Wa Australia akaitwa Marphysa mullawa. Mwaka 2017 mnyoo aliyekuwa akichimbwa na kuuzwa kama chambo katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, naye alipata jina lake: Marphysa victori.

Huenda utauliza, haya yatatuletea mkate gani mezani? Ndugu yangu, anayeamini kwamba mnyoo ni mmoja duniani kote hatashtuka akimalizwa katika ghuba moja. Atasema wako wengine kwingineko. Lakini kama yule alikuwa wa ghuba ile tu, akiisha ameisha, na mvuvi anayemtegemea amepoteza riziki. Vilevile chambo hai kikiagizwa kutoka mbali kwa kudhaniwa ni kile kile, mgeni ameingia nyumbani bila kupiga hodi.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo imo katika daftari hilo. Mwaka 1854 Mjerumani Wilhelm Peters alimpa mnyoo wa Msumbiji jina la mossambica, nalo linadumu hadi leo.

Basi, mzazi, mwanao akikuletea viumbe wawili kutoka ufukweni na kuuliza kama ni ndugu, usimjibu kwamba hao ni wadudu tu. Kaa naye, mtazame pamoja vinyweleo, rangi na taya. Mwenye kujua tofauti ndiye ajuaye anachopaswa kukilinda.