Kosa la Kuanza na Bei

Katika kamati za shule na mabaraza ya ununuzi, swali la kwanza liulizwalo juu ya kompyuta mpya ya mezani ni hili: itumike fedha kiasi gani? Swali hili lina sura ya busara, maana aghalabu hutoka kinywani mwa mweka hazina, na mweka hazina huhesabiwa kuwa mtu wa busara. Walakini limewekwa mahali pasipo pake. Kiasi hakijulikani kabla ya kujulikana kazi, mtendaji wa kazi hiyo, umeme utakaoiendesha na miaka ambayo chombo chatakiwa kuishi. Aanzaye na bei hukisia, na akiisha kukisia huutetea ukisio wake mbele ya wakaguzi kana kwamba ulikuwa hesabu.

Mfano uchukuliwe Ufipa. Shule ya sekondari ya kata, iwe Kaoze au kata nyingine ya Wilaya ya Sumbawanga, yataka kompyuta moja kwa ofisi ya taaluma. Kazi yake haina siri: kuandika mitihani, kutunza alama, kuandika barua, kuchapa. Mwalimu asiye na kompyuta hubeba mtihani ulioandikwa kwa mkono mpaka duka la steshenari, akamlipa mchapaji kwa ukurasa, akaketi ubavuni pake tangu mwanzo hata mwisho ili maswali yasionwe na macho yasiyo yake. Amelipa nauli, amelipa uchapaji, na vipindi vyake vya siku ile vimekwenda bure. Hasara hii haionekani katika daftari lolote la mapato na matumizi, na kwa sababu hiyo kamati huiona si hasara.

Sasa upande wa pili wa mizani. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule za sekondari ilihesabiwa kwa kiwango cha shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake ikabakizwa kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho, kompyuta ya shilingi 2,400,000 humeza ruzuku nzima ya wanafunzi 96. Na ikihesabiwa ile nusu iliyokusudiwa kufika shuleni peke yake, humeza ya wanafunzi 192. Mzazi wa Ufipa, ambaye kipimo chake cha mali ni gunia, atauliza kwa namna yake: kilo ya mahindi ikiuzwa shilingi 600, fedha hiyo ni gunia 40 za kilo mia mia. Gunia arobaini si mchezo. Ni haki ya mzazi kujua kilichonunuliwa kwa gunia hizo, na ni aibu kumjibu kwamba kilichonunuliwa ni cha kisasa.

Lakini hilo ndilo jibu la kundi la kwanza la wanunuzi, nao ni wapenda fahari. Hoja yao ni kwamba fedha haipatikani mara mbili. Basi ikipatikana inunuliwe mashine iliyo bora kuliko zote. Hawaulizi bora kwa nini. Mashine ya bei ya juu imetengenezwa kwa kazi nzito: kuhariri filamu, kuchora majengo, kucheza michezo ya picha ziendazo kasi. Kadi yake ya picha peke yake huenda ikapita bei ya kompyuta nzima ya ofisi. Mtihani wa Historia wa kurasa nne hauitumii hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Gigabaiti 8 za kumbukumbu na diski ya kisasa isiyozunguka, ile iitwayo SSD, zatosha kwa kazi hii na kubakiza. Fedha iliyozidi hapo imelipia nguvu itakayolala usingizi mpaka mashine ife. Na ni mara ngapi mashine ya namna hiyo, kwa ajili ya ghali yake, imefungiwa ofisini mwa mkuu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na walimu wakaendelea kwenda steshenari? Ughali uliokusudiwa kuwasaidia ndio uliowanyima.

Kundi la pili ni wapenda rahisi. Hawa hununua mtumba: kompyuta iliyotumika Ulaya au Marekani, ikapangwa rafuni Kariakoo au Tunduma. Haki yao isinyimwe. Kompyuta ya ofisi iliyotumika miaka minne, ikatunzwa, yaweza kuwa chombo chema kuliko mpya ya hali ya chini. Kosa lao ni kununua mbuzi gunioni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa masasisho yake ya kawaida ya usalama. Na Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hukataa rasmi nyingi za kompyuta zilizoundwa kabla ya mwaka 2018, kwa sababu ya prosesa zao na kwa kukosa kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Basi mnunuzi aonapo mashine nyingi nzuri za zamani zimeshuka bei kwa ghafla, ajiulize wenyewe wa kwanza walikuwa wakikimbia nini. Dawa ipo: mashine kama hiyo hufanya kazi vizuri chini ya Linux, ambayo ni ya bure na husasishwa. Lakini dawa hiyo yataka mtu aijuaye, na mtu huyo hakutiwa katika bei. Kadhalika baadhi ya mitumba ya zamani ina swichi ndogo nyekundu mgongoni, ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa katika umeme wa Tanzania, hutoa mlio mmoja na moshi kidogo, na urahisi wote umekwisha hapo.

Makundi haya mawili hudhani yanapingana. Kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa yote mawili huitazama mashine peke yake.

Nchi hii ilikwisha kuliona kosa hili kwa kipimo kikubwa. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta, na ndiyo iliyotangulia nyingine zote nchini: ICT 1500. Mwaka 1968 ikaletwa ya ukoo mpya, ICL 1900. Mashine zilikuwapo, wananchi wenye ujuzi wa kuziendesha walikuwa wachache mno, na utaalamu ukategemewa kutoka nje. Hesabu za serikali ziliingia katika matatizo makubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta pasipo kibali maalumu. Marufuku ile ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, ikaondoshwa katika miaka ya mwanzo ya 1990. Kizazi kizima cha wasomi kilipita kwa shida mbele ya mlango huo. Wako wailaumuo serikali kwa woga wa mwaka 1974, na lawama hiyo ina sehemu ya haki. Lakini wachache huuliza juu ya ujasiri wa mwaka 1965, uliolipia chuma kabla ya kulipia watu. Hatari ya shule ya kata ni ileile kwa umbo dogo. Kompyuta ya kwanza ikifa kwa mwaka mmoja, kamati haitasema ilinunuliwa vibaya. Itasema kompyuta hazifai huku kwetu, na maneno hayo yatadumu miaka kumi.

Ufipa haina haja ya kwenda Hazina kutafuta mwalimu wa jambo hili. Wafua chuma wa nchi hiyo walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yenye kimo cha kumpita mtu, yaliyovuta upepo yenyewe pasipo mivuo. Mabaki yake wanaakiolojia wameyachunguza mahali pengi, na mgeni ayaonapo hustaajabia urefu wake. Lakini kilichotoka ndani ya tanuri lile hakikuwa jembe. Kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na takataka, likahitaji kuyeyushwa tena katika tanuri dogo lenye mivuo, kisha kupelekwa kwa mhunzi. Mfuaji ambaye angemaliza mkaa wake wote katika tanuri kubwa angebaki na bonge. Kompyuta iliyotoka dukani ni bonge hilo, na kamati nyingi huwa zimekwisha kumaliza mkaa.

Mkaa uliobaki ungekwenda wapi? Kwanza kwenye umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme ununuliwao Zambia, upitao Mbala, pamoja na jenereta za dizeli. Ujenzi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ni jambo la miaka hii ya 2020. Hata umeme ukiwa wa kutosha, mvua za Novemba hata Aprili huja Ufipa pamoja na radi. Kompyuta ya mezani haina betri yake, kama ilivyo kompyuta mpakato. Umeme ukikatika hufa papo hapo pamoja na kila kisichohifadhiwa. Hivyo haina maana kuuliza bei yake bila ya kuuliza bei ya betri ya akiba, kidhibiti cha volti na waya wa kupeleka umeme ardhini. Betri yenyewe hudumu miaka mitatu hadi mitano, kisha hununuliwa nyingine. Kwa nini basi ichaguliwe ya mezani? Kwa sababu hufunguliwa kwa bisibisi na kutengenezwa kipande kwa kipande, kibodi ikifa hununuliwa kibodi, na si rahisi kutoweka mfukoni mwa mtu. Hoja hizo ni nzito katika ofisi itumiwayo na walimu ishirini.

Shule za jua zina hesabu nyingine. Kompyuta ndogo ya mezani ilayo wati 35, ikitumika saa sita, yataka wati-saa 210 kwa siku. Ile ya fahari ilayo wati 200 yataka 1,200. Tofauti hiyo hulipwa kwa paneli na betri, nayo yaweza kuipita tofauti ya bei za mashine zenyewe. Hapa mpenda fahari hulipa mara mbili na haijui mara ya pili.

Kisha diski ya pembeni ya kuhifadhi nakala, maana alama za miaka minne zikipotea hakuna duka liziuzalo. Kisha kichapishi, ambacho bei yake ya kweli imo ndani ya wino. Kisha mafunzo. Katika kila shilingi kumi, mashine isipewe zaidi ya sita. Katika zile 2,400,000 hiyo ni 1,440,000, na kamati isipoweza kupata mashine ifaayo kwa fedha hiyo, ingoje muhula mmoja kuliko kuila sehemu ya umeme na ya watu.

Katika mafunzo wasomi wa Kiswahili wana deni lao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wake wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili na kutolewa bure. Lilikuwa tendo kubwa. Mwalimu angeweza kujifunza kuhifadhi, kufuta na kuchapa kwa lugha aifikirio, kwa muda mfupi na gharama ndogo. Tangu hapo makongamano yamebishana kwa bidii kama chombo hiki ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na bidii hiyo haikuonekana katika kuwafundisha walimu kukitumia. Matokeo yake yaonekana katika kioo chochote cha ofisi ya shule: mwalimu wa Kiswahili aandika mtihani wa Kiswahili, na chini ya kila neno mashine yachora mstari mwekundu, kwa kuwa imeambiwa kwamba lugha ya ulimwengu ni Kiingereza. Mwalimu kijana huiona ile mistari na kudhani ni kosa lake. Kuibadili kwahitaji dakika chache za mtu ajuaye, na mtu huyo ndiye asiyetengewa posho.

Watatokea wasemao kwamba haja ya kompyuta imekwisha, kwani vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Kishikwambi ni chema kwa kusoma na kutuma taarifa. Aliyejaribu kuandikia humo jedwali la alama za wanafunzi mia mbili, kwa kidole kimoja, hatahitaji kushawishiwa zaidi. Wengine watasema ingojewe ya msaada. Ya msaada ipokewe, lakini kwa mtihani uleule: ya mwaka gani, yala wati ngapi, nani atailipia betri. Mfadhili asiyeweza kujibu maswali hayo anatafuta mahali pa kutupia mzigo wake, na shule yaweza kuukataa kwa heshima.

Mahindi yauzwapo na michango kukusanyika, kamati zitaketi tena, na orodha za bei za maduka zitakuwa mezani. Zifunikwe. Aitwe kwanza fundi wa umeme, aseme hali ya nyaya; aitwe mwalimu wa taaluma, aseme huandika kurasa ngapi kwa muhula na hulipa kiasi gani steshenari; itajwe kwa jina siku ya mafunzo, na mwenye kuyatoa. Baada ya hapo mweka hazina aweza kuuliza swali lake.