Mbwa wa kusaidia walemavu wa viungo: cha kuiga ni namna anavyotolewa

Mtu akisema mjini Goma kwamba mbwa anaweza kumfungulia mlemavu mlango, kumuokotea ufunguo ulioanguka na kumzimia taa, wengi watacheka. Mbwa anajulikana kwa kubweka usiku na kulinda kiwanja. Lakini hao hao wanaocheka wamesikia habari za mbwa wa Rumangabo. Tangu mwaka wa 2011 walinzi wa hifadhi ya Virunga wanatumia mbwa waliofundishwa kufuata harufu ya majangili. Kwamba mbwa hufundishika, hilo linajulikana Kivu.

Kazi ya kuwafundisha kwa ajili ya watu wasioweza kutembea ilianza Marekani mwaka wa 1975, katika mji wa Santa Rosa, California. Aliyeianzisha ni mwalimu Bonita Bergin, na wazo lenyewe hakulitoa kwa matajiri. Akiwa safarini Asia aliona watu wenye ulemavu wakisaidiwa na punda katika kutembea na kazi za kila siku. Aliporudi kwao akajiuliza kama mbwa hawezi kufanya vile ndani ya nyumba. Shirika lililozaliwa hapo, Canine Companions, lipo hadi leo.

Mbwa mtoto wa wiki nane hivi hupelekwa kwa familia ya kujitolea. Familia hiyo inamlea karibu mwaka mmoja na nusu, inamzoesha kutii, kutulia kwenye basi, kutoogopa makelele ya watu. Kisha anarudishwa kwa wafundishaji kwa miezi mingine, ajifunze kuvuta kamba iliyofungwa mlangoni, kubonyeza swichi ya taa, kuleta simu bila kuiuma. Wengi hushindwa. Mwoga, au yule anayekimbilia kila ndege, anaondolewa na kuishi kama mbwa wa kawaida. Hakuna anayepewa mlemavu mbwa aliyeshindwa eti kwa sababu ni bure.

Na ni bure kweli kwa anayepokea, ingawa kumfikisha mbwa mmoja hapo kunagharimu makumi ya maelfu ya dola. Lakini hapewi mkononi siku hiyo hiyo. Anaitwa kwenye kituo, anakaa karibu wiki mbili. Wafundishaji wanamtazama: sauti yake ni ya chini au ya juu, mkono wake una nguvu kiasi gani, kiti chake kinakwenda mbio au polepole. Ndipo wanaamua mbwa yupi anamfaa, na wote wawili wanafundishwa pamoja. Wakirudi nyumbani, shirika linaendelea kuwafuatilia hadi mbwa anapozeeka na kupumzishwa.

Hakuna sababu ya kuomba mbwa hao waletwe Goma. Mnyama wa kilo 30 anataka kula kila siku, na chanjo ya kichaa cha mbwa, wakati kuna familia za wahami zinazopika mara moja tu. Kinachofaa kuletwa ni zile wiki mbili, na ule ufuatiliaji.

Kwa maana viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu mara nyingi vinagawiwa Kivu kama unga: foleni, orodha, hotuba, picha, gari linaondoka. Saizi ni moja kwa wote. Mtoto anapewa kiti cha mtu mzima na kuzama ndani yake. Mwenye mikono dhaifu anapewa baiskeli ya kuzungushwa kwa mikono. Aliyepigwa risasi ya mgongo anakalishwa kwenye kiti kisicho na mto, na kwa kuwa hasikii maumivu, kidonda kinakuja kuonekana kimeshachimba. Magurudumu madogo ya mbele yametengenezwa kwa sakafu ya hospitali, si kwa mawe ya volkano. Tairi likipasuka, la kulibadilisha halipo sokoni. Chukudu ikivunjika inatengenezwa pale pale barabarani. Kiti kilichotoka ng'ambo kinabaki kona ya nyumba, kuku wanalalia.

Kambi za pembeni ya Goma zilipofungwa mwanzoni mwa mwaka wa 2025, watu waliambiwa warudi walikotoka. Mwenye miguu alitembea. Kwa asiyetembea, kiti kibovu kilimaanisha kubebwa mgongoni, au kubaki.

Wa kufundisha wengine wapo. Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu wana uzoefu wa miaka mingi: mtu anapimwa kwanza, anafanyishwa mazoezi, anarudi kurekebishiwa. Wapo pia wachuuzi wenye ulemavu wa Petite Barrière, wanaovuka na mizigo kwenda Gisenyi kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wao na mafundi wao wanajua chuma kipi kinahimili barabara hizi kuliko mgeni yeyote mwenye katalogi, na ni nadra kuulizwa.

Sheria ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu ilitiwa sahihi Kinshasa tarehe 3 Mei 2022. Viongozi wa mitaa na kamati za wahami wanaweza kuishika mkononi gari la msaada linapofika, na kabla ya picha kupigwa waulize: nani atampima mtu huyu, na tairi likipasuka mwezi wa tatu ampigie nani simu?