Heshima ya Fundi Isiishie Mdomoni



Sisi tunaojenga pamoja na Wachina hapa Kigali tumelisikia neno "shifu". Kwao ndivyo mwanagenzi anavyomwita fundi anayemfundisha kazi. Mwalimu wanamwita "laoshi", hata akiwa kijana, ingawa "lao" maana yake ni mzee. Ujuzi unapewa heshima ya umri.

Nasi tunasema fundi na mwalimu. Lakini kuna wenzetu viwandani na mashambani walioendesha mashine miaka mingi, wakafundisha vijana, na bado wanaandikwa vibarua na kulipwa kibarua.

Twasema hivi: anayeitwa fundi aandikwe fundi katika mkataba, na alipwe mshahara wa fundi. Heshima ya mdomo haijazi sufuria.