Pakiti ya Mtindi na Figo Iliyochoka

Kama una ugonjwa sugu wa figo, weka chini hiyo pakiti ya mtindi.

Si milele. Mpaka ujue damu yako inasemaje.

Mtindi huingia nyumbani kwa sifa. Ni laini, unapoza tumbo, chakula cha mgonjwa. Kijana anapita dukani akitoka kazini, anamchukulia mama yake pakiti ya nusu lita. Kona inakatwa kwa meno, kikombe kinajaa, sukari vijiko viwili. Mama anamaliza yote, maana ameletewa na mwanawe. Kesho tena.

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini tufanye hesabu.

Nusu lita ya maziwa ina potasiamu kama miligramu 700 na fosforasi zaidi ya 400. Yakiganda, vyote vimo vilevile. Wengi wanaosafishwa damu hupangiwa fosforasi miligramu 800 hadi 1,000 kwa siku nzima. Pakiti moja imekula karibu nusu, na maharage na dagaa bado havijafika mezani.

Potasiamu haipigi hodi. Figo nzima huitoa kwenye mkojo. Figo iliyochoka huiacha kwenye damu. Kipimo cha kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Ikipita 6, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Moyo unaweza kusimama. Wengine hulegea miguu kwanza. Wengine hawaoni dalili yoyote.

Dawa kama losartan, enalapril na spironolactone huipandisha potasiamu zaidi. Usiziache kwa hofu. Mwambie daktari unachokula.

Fosforasi haina haraka. Huweza kuanza na mwasho, mtu anajikuna usiku mpaka shuka lina damu. Halafu mifupa hupungukiwa chokaa, na mishipa ya damu hujaa chokaa.

Si kila mgonjwa wa figo anakatazwa mtindi. Mwenye vipimo vizuri huweza kuruhusiwa, na anayesafishwa damu huhitaji protini nyingi kuliko asiyesafishwa. Kwa hiyo ushauri wa jirani haukufai, hata kama naye anaumwa figo.

Wiki hii, kapime. Taja majina: potasiamu, fosforasi, kreatinini. Kreatinini peke yake haitoshi.

Ukiruhusiwa, pima nusu kikombe. Usinywe kwenye pakiti. Kama umepangiwa kiasi cha maji, mtindi nao ni maji, uhesabu. Dawa ya kuzuia fosforasi imezwe pamoja na chakula. Ukiimeza saa mbili baadaye, haina cha kushika. Yogati ya dukani ikiandikwa fosfeti kwenye viungo vyake, irudishe rafuni.

Na ikiwa miguu imeishiwa nguvu ghafla, au moyo unarukaruka, nenda hospitali usiku huohuo. Waambie mlangoni kwamba una ugonjwa wa figo. Usingoje kupambazuke.