Juma ni Nani?

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyemfahamu Juma. Ndiye aliyecheza mpira katika sentensi za mwanzo zilizoandikwa ubaoni shuleni. Ndiye aliyepiga, akapigwa, akapigiwa, akapigishwa na hatimaye akapigana na Ali ili unyambulishaji wa vitenzi ueleweke. Vyuoni nako hukatwakatwa kwa matawi, vishale na jedwali hadi abakie N tu chini ya KN. Aghalabu hakuna anayemwuliza jina lake lina maana gani. Mhitimu aweza kuondoka na shahada yake akiwa amemchanganua Juma mara elfu, ilhali hajui lolote kumhusu. Hili si jambo dogo kwa watu wanaojiita wataalamu wa lugha.

Asili ya jina ni neno la Kiarabu lenye maana ya mkusanyiko, ambalo Uislamu uliifanya siku ya sala ya jamaa iitwe kwalo. Kabla ya hapo, Waarabu waliiita siku hiyo al-Aruba. Sura ya 62 ya Kurani ina jina hilo hilo la Ijumaa. Mzizi wake, jim, mim na ain, ndio uliozaa pia jamaa, jamii, jumuiya na jumuisha. (Jumla, ambayo wengi huitia katika ukoo huu, ina mzizi mwingine unaoishia kwa lam, na itolewe kwa heshima.) Mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa aliitwa Juma, na wa kike akaitwa Mwanajuma.

Lakini Kiswahili hakikulipokea neno hili kama mgeni wa kukirimiwa na kuagwa. Kilitokana nalo maneno matatu: Ijumaa, siku, juma, muda wa siku saba, na Juma, mtu. Kila moja likapewa ngeli yake, ndiposa juma limepita na Juma amepita zikawa habari mbili tofauti kabisa. Kisha hesabu ya siku ikaanzia hapo: Jumamosi ni ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, hadi Jumatano. Msemaji wa Kiswahili, awe wa dini yoyote, hulitamka jina hili takriban kila siku bila kujua. Siku mbili tu, Alhamisi na Ijumaa, ndizo zilizobaki na majina ya Kiarabu, nazo ndizo zilizotoa Hamisi na Juma, majina mashuhuri ya wanaume. Hata hivyo siku za hesabu hazikunyimwa kabisa. Tanzania ina akina Jumanne wengi. Wala desturi hii si ya Waswahili peke yao: Waakan wa Ghana humwita Kofi mtoto wa kiume wa Ijumaa.

Katika pwani ya Kenya, wapenzi wa ushairi na taarabu hawahitaji kukumbushwa. Mwimbaji Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014) alibeba Alhamisi na Ijumaa zikifuatana katika jina lake. Binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Wanafunzi wanaosoma diwani hiyo hulitaja jina hili kwa heshima saa nne asubuhi, kisha saa tano, katika kipindi cha sarufi, wakalirudisha kwenye kupigwa na Ali.

Pana kosa zito zaidi la kuliona jina Juma kuwa cheti cha dini au cha pwani. Anayefika Busia, Bungoma au pande za Ziwa Viktoria atawakuta akina Juma wanaoingia kanisani kila Jumapili. Calestous Juma (1953–2017), mwanasayansi aliyezaliwa kando ya ziwa hilo na kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alilivaa jina hili pamoja na la ubatizo bila ya mojawapo kuligombeza jingine. Hili halishangazi. Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani katika karne ya 19, na majina husafiri pamoja na bidhaa. Yakishafika hurithiwa, mjukuu akampokea babu, hata kama mjukuu mwenyewe alizaliwa Jumanne. Kwa hiyo karani anayelisoma jina hili kwenye fomu na papo hapo kukisia dini na nyumbani kwa mwenyewe, amekisia tu. Aliyepaswa kumsahihisha ni mwalimu wa Kiswahili, lakini mwalimu huyo naye hakufundishwa.

Wapo wanaodai kwamba Juma amechosha, na kwamba nafasi yake vitabuni apewe Kevin au Brian ili mwanafunzi wa leo ajione. Kubadilisha jina si dawa. Kevin naye atageuzwa N chini ya KN, na asili yake ya Kiayalandi haitaulizwa pia. Kinachotakiwa ni vipindi viwili au vitatu vya elimu ya majina katika kozi ya semantiki, pamoja na kazi ya nyanjani: kila mwanafunzi arudi kijijini kwao, amwulize Juma mmoja nani alimpa jina hilo, na alizaliwa siku gani. Baada ya hapo, Ali akitaka, na ampige.